Tone la Bati na Bei ya Simu Janja

Mwaka 2007 iPhone ya kwanza iliuzwa Marekani kuanzia dola 499. Miaka 10 baadaye, iPhone X ilianzia dola 999. Wengi wetu hatununui simu za daraja hilo, lakini swali linatuhusu: mbona teknolojia inakua na bei ya simu za juu inapanda?

Sehemu ya jibu imo ndani ya chipu, kipande kinachofanya hesabu zote za simu. Chipu moja maarufu ya mwaka 1971 ilikuwa na transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, 2,300. Chipu ya simu ghali ya leo ina zaidi ya bilioni 10, kwenye eneo linaloenea juu ya ukucha wa kidole gumba. Kwa miongo mingi mnunuzi alifaidi, kwani kila transista ilipopungua ukubwa, gharama yake nayo ilishuka. Sasa nafuu hiyo imepungua kasi, na sababu ni ya kifizikia.

Mistari ya chipu huchorwa kwa mwanga. Mwanga wenye mawimbi marefu hauchori mstari mwembamba, kama vile brashi ya kupakia chokaa isivyoweza kuandika jina kwenye punje ya mchele. Viwanda vilizoea mwanga wa nanometa 193. Ulipofika kikomo, ikabidi tabaka moja lichorwe kwa awamu kadhaa. Utafiti ulioanza miaka ya 1980 ulitafuta mwanga wa urujuanimno wa nanometa 13.5, na ulichukua zaidi ya miaka 30 kuingia kwenye simu za sokoni.

Mashine ya kutoa mwanga huo inastaajabisha. Matone madogo mno ya bati lililoyeyuka hudondoka ndani ya chumba kisicho na hewa, 50,000 kwa kila sekunde. Leza hulipiga kila tone mara mbili: pigo la kwanza hulisawazisha kama kisahani, la pili huligeuza kuwa plazima yenye joto kali kuliko uso wa jua, na hapo ndipo mwanga huo hutoka. Hewa huufyonza, kioo cha lenzi pia, hivyo huongozwa kwa vioo maalumu vya kuakisi vyenye matabaka mengi. Mashine moja huuzwa zaidi ya dola milioni 100, na kiwanda kizima hugharimu mabilioni.

Hata hivyo, asidanganywe mtu kwamba kila shilingi iliyoongezeka ni gharama ya sayansi. Wamo pia watengenezaji na faida yao, kamera zilizoongezwa, skrini bora, kodi na thamani ya sarafu zetu mbele ya dola.

Habari njema kwetu ni kwamba mitambo ya vizazi vilivyotangulia bado inafanya kazi, na chipu zake ni nafuu. Mvuvi wa Kilwa anayetazama utabiri wa upepo wa kusi kabla ya kutweka tanga anahitaji skrini inayosomeka juani na chaji ya kumfikisha nyumbani. Mwanafunzi anayesoma mitihani iliyopita anahitaji nafasi ya kuhifadhi mafaili. Chipu ya kisasa kabisa haitawaongezea mengi.

Kinachochakaa mapema ni betri. Betri ya lithiamu huchoka kwa kemia yake yenyewe, na joto huharakisha uchakavu huo. Kukaa muda mrefu ikiwa imejaa asilimia 100 pia huichosha. Mama anayeuza gengeni akiihamisha simu yake kutoka juani hadi kivulini, anaiongezea maisha bila kutoa senti. Na betri ikichoka, mara nyingi kuibadilisha ni nafuu kuliko kununua simu nyingine.

Ukienda dukani, muulize muuzaji simu hiyo itapokea masasisho ya usalama hadi mwaka gani, na kama betri yake inapatikana kwa mafundi wa hapa. Akishindwa kujibu, nenda duka la pili.