Neno Moja, Maana Mbili

Mtu atokaye pwani akifika Kasulu au Kibondo husikia Kiha, naye hudhani ameelewa upesi, kwa kuwa maneno mengi yafanana na ya Kiswahili. Hapo ndipo yampasa kujihadhari.

Tutwae neno umuti. Mgeni husikia mti, kumbe Muha ametaja dawa. Mti wenyewe yeye huuita igiti. Tena neno teka: kwa Kiswahili twateka maji kisimani, bali kwa Kiha kuteka ni kupika. Basi watoto wawili wakiagizwa kuteka maji, mmoja aweza kuchukua mtungi, na mwenziwe akawasha moto.

Je, nani amekosa? Hakuna. Lugha hizi ni za ukoo mmoja wa Kibantu. Mti na umuti ni maneno ya shina moja, maana dawa za wazee zilikuwa mizizi, majani na maganda ya miti.

Kwa hiyo, penye ugonjwa tusitegemee sikio peke yake. Tuulize tena: "Ni dawa uitakayo?" Kuuliza si aibu, aibu ni mgonjwa kukosa dawa kwa ajili ya neno tulilodhani twalijua.