Kivuli cha Mti ni Kinga: Joto, Afya na Mji wa Kahama

Mwezi Oktoba, mvua zikiwa bado hazijaanza, mtu anayetaka kujua thamani ya mti mjini Kahama hahitaji kipimajoto. Inatosha asimame kando ya barabara saa nane mchana na kutazama watu walipokaa. Madereva wa bodaboda wamezipanga pikipiki zao kwa kufuata kivuli cha mwarobaini, na kivuli kikisogea nao husogea. Mama lishe ameliacha jiko juani, lakini benchi la wateja ameliweka chini ya mwembe. Wanawake waliobeba watoto mgongoni wanasubiri gari penye kivuli, hata kama kituo chenyewe kiko hatua ishirini mbele. Watu hao hawakushauriana, ila wote wameafikiana juu ya jambo ambalo sayansi ya tiba imelithibitisha: kivuli ni kinga ya afya.

Kahama ilipandishwa hadhi kuwa manispaa mwaka 2021. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo zaidi ya watu laki nne na nusu, karibu mara mbili ya idadi ya mwaka 2012. Dhahabu, mpunga na biashara vimeufanya mji huu kuwa miongoni mwa miji inayokua kwa kasi Kanda ya Ziwa. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kahama ya leo ina wajenzi tele, na mara nyingi mti ndio wa kwanza kuondoka ili kupisha fremu ya duka au maegesho ya magari. Kinachoondoka pamoja nao hakionekani katika ramani ya kiwanja.

Mwili na mti hupoa kwa njia moja

Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki karibu na nyuzi joto 37 za Selsiasi. Joto linapozidi, ubongo huamuru mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi itanuke na tezi zitoe jasho. Jasho linapogeuka mvuke huondoka na joto la mwili. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi, huondoa takriban kilokalori 580 za joto. Kazi hiyo ina gharama: moyo husukuma damu kwa kasi zaidi, na maji pamoja na chumvi hupotea.

Mti nao hufanya vivyo hivyo. Mizizi hufyonza maji ardhini, na majani huyatoa kama mvuke kupitia vitundu vidogo sana. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha unaweza kutoa mamia ya lita kwa siku, na mvuke huo huipoza hewa inayouzunguka. Hata hivyo, msaada mkubwa zaidi wa mti kwa mtu aliye chini yake ni kumkinga dhidi ya miali ya jua. Paa, ukuta au lami iliyo kivulini huweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzi 11 hadi 25 kuliko ile iliyo juani wakati wa joto kali. Mtu aliyesimama juani hupigwa na jua kutoka juu na hupokea joto linalorushwa na lami, mabati na kuta kutoka pande zote. Kivuli humwondolea sehemu kubwa ya mizigo yote miwili.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitambui. Vipimajoto vya vituo vya hali ya hewa huwekwa ndani ya visanduku visivyopigwa na jua. Hivyo basi, redio inapotangaza nyuzi 32, hilo ni joto la hewa kivulini. Mbeba mizigo wa sokoni anayefanya kazi juani adhuhuri anabeba joto ambalo tangazo hilo halikulihesabu.

Nani huumia kwanza

Kahama iko juu ya uwanda wa zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na joto lake halifikii lile la majangwani. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba joto si suala la hospitali. Ukweli ni kwamba madhara yake hujificha ndani ya magonjwa mengine.

Mtoto mwenye selimundu anayepungukiwa na maji anaweza kupata maumivu makali ya mifupa na kulazwa. Jambo hili ni zito kwa Kanda ya Ziwa, yenye wagonjwa wengi wa selimundu. Mzee mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa za kuongeza mkojo hupoteza maji upesi. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupunguza jasho au uwezo wa mwili kujipoza. Wagonjwa hao wasiache dawa kwa hofu ya joto. Wazungumze na daktari na waepuke jua la mchana.

Mjamzito naye yumo. Uchambuzi wa tafiti 70 kutoka nchi 27, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la BMJ, ulionyesha kwamba kila ongezeko la nyuzi moja ya joto liliambatana na ongezeko la takriban asilimia 5 la uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Nchini Gambia, watafiti waliwafuatilia wakulima wajawazito 92 wakiwa shambani, wakaona dalili za mtoto tumboni kuelemewa zikiongezeka kadiri mzigo wa joto kwa mama ulivyoongezeka.

Kisha wapo wachimbaji wadogo. Wale waliomo ndani ya maduara wana hatari zao, lakini juu ya ardhi wapo wanaoponda mawe, wanaosimamia makarasha na wanaochenjua dhahabu kwenye mialo, mara nyingi katika uwanda uliokwishakatwa kila mti ili kupata magogo ya kuimarishia maduara. Huko El Salvador na Nikaragua, wakata miwa vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu wamekuwa wakiugua figo kwa wingi, na kazi nzito katika joto kali inahesabiwa kuwa miongoni mwa sababu kuu. Mpango uliobuniwa kuwakinga ulijengwa juu ya mambo matatu: maji, mapumziko na kivuli. Mahali ulipotekelezwa ipasavyo, majeraha ya figo yalipungua.

Mgonjwa wa joto anapofika kituoni

Katika eneo lenye malaria, mwili unaochemka huelekeza mawazo kwenye malaria. Kipimo ni lazima, lakini kisimzuie mhudumu kuuliza swali la pili: "Alikuwa wapi, akifanya nini, kabla ya kuanguka?" Mtu mzima anaweza kukutwa na vimelea vya malaria na papo hapo akawa amezidiwa na joto.

Dalili za awali ni uchovu mwingi, kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza na mkojo kuwa mchache na wa rangi nzito. Mtu huyo apelekwe kivulini, alegezwe nguo, anyweshwe maji kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa, kupepesuka, kutukana bila sababu, kupata degedege au kupoteza fahamu, huku mwili ukiwa na nyuzi 40 au zaidi, hiyo ni dharura inayoweza kuua. Kumpoza kuanze palepale: amwagiwe maji baridi mwili mzima na apepewe bila kukoma, huku usafiri ukitafutwa. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Parasetamoli haishushi joto la aina hii na isitegemewe.

Mkoa uliokata miti kwa ajili ya afya

Shinyanga ina historia ya pekee na miti. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni iliweka Shinyanga makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na vichaka vikafyekwa kwa maeneo makubwa ili kumnyima mdudu huyo maskani. Lengo lilikuwa kuzuia malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Baadaye mashamba ya pamba, mifugo mingi na mahitaji ya kuni yakakamilisha kazi hiyo. Kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mwanzoni wataalamu waligawa miche. Kisha wakatambua kwamba wenyeji walikuwa na elimu yao tayari: ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho wakati wa masika ili mifugo ipate chakula kiangazi. Eneo lililotengwa huota miti yenyewe kutokana na visiki na mizizi iliyobaki ardhini. Ngitili zilizokuwa zimeandikwa mwaka 1986 zilikuwa takriban hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mkoa uliokata miti kwa sababu ya ugonjwa mmoja ukaonyesha ulimwengu namna ya kuirudisha.

Lakini ngitili ni ya kijijini. Mjini hakuna ng'ombe wa kumshawishi mtu atenge ardhi, na thamani ya kiwanja huhesabiwa kwa mita. Kazi iliyobaki ni kuupa mti wa mjini sababu yenye nguvu kama malisho yalivyokuwa kwa mfugaji. Sababu hiyo ni afya.

Ushahidi wake upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la The Lancet ulichunguza miji 93 ya Ulaya na kukadiria kwamba, kama miti ingefunika asilimia 30 ya eneo la miji hiyo, theluthi moja hivi ya vifo vilivyosababishwa na joto la ziada la mijini katika kiangazi cha mwaka 2015 vingeepukika. Barani Afrika, jiji la Freetown nchini Sierra Leone lilianza kampeni ya kupanda miti milioni moja, na wakati miche ikikua likaweka mapaa ya kivuli juu ya masoko ya wazi wanakouza wanawake. Funzo kwa Kahama liko katika sehemu hiyo ya pili: anayeugua joto leo hawezi kungoja mti wa miaka mitano ijayo. Turubai, paa la makuti au kibanda cha kusubiria kijengwe sasa, na mche upandwe kando yake siku hiyohiyo.

Je, miti italeta mbu?

Swali hili huulizwa kila miti inapotajwa, na ni la haki. Mbu wakuu wa malaria huzaliana katika maji yaliyotuama, na wengi wao hupendelea madimbwi yanayopigwa na jua: mashimo ya tofali, mashimo ya machimbo yaliyoachwa, nyayo za ng'ombe. Mti hauyaleti hayo. Mbu wa dengi huzaliana katika vyombo vyenye maji, hivyo makopo na matairi yasirundikwe kivulini. Kuhusu mbung'o, mistari ya miti mjini yenye ardhi safi chini yake si pori la vichaka alilolizoea mdudu huyo.

Mti upi, na wapi

Miti mingi ya asili ya ukanda huu hupukutisha majani kiangazi, wakati ambapo kivuli kinahitajika zaidi. Kwa hiyo ichaguliwe miti inayobaki na majani mwezi Septemba na Oktoba, yenye tawi pana: mwembe, mwarobaini, mjohoro. Mkaratusi hukua upesi lakini kivuli chake ni chepesi, na mwashoki, uliozoeleka mbele ya ofisi nyingi, husimama kama nguzo: unapendeza kuutazama, haumfuniki mtu.

Mahali ni muhimu kuliko idadi. Miti mia iliyopandwa kuzunguka uzio haimsaidii mjamzito aliye kwenye foleni ya kliniki. Ipandwe walipo watu wanaosubiri na wanaofanya kazi: mbele ya zahanati, sokoni, kwenye vituo vya bodaboda, viwanja vya shule na maeneo ya kuponda mawe. Upande wa magharibi wa jengo upewe kipaumbele, kwa kuwa jua la alasiri ndilo linaloingiza joto wodini na katika stoo ya dawa, ambamo dawa nyingi hazitakiwi kuzidi nyuzi 30. Miche iwe mbali na nyaya za umeme na misingi ya majengo.

Miche mingi haifi siku ya kupandwa. Hufa kiangazi cha kwanza, sherehe ikiwa imesahaulika. Tangu mwaka 2009 Kahama hupata maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, hivyo kumwagilia mti ni suala la kupanga zamu. Kila mche upewe mtu mwenye jina: muuza chai anayekaa karibu nao, darasa la shule, au mlinzi wa zahanati. Maji yaliyooshea mikono na vyombo yasiyo na dawa kali yanautosha.

Mvua za kwanza huanza kunyesha Novemba. Mhudumu wa afya anayesoma ukurasa huu anaweza kutoka nje ya kituo chake leo saa nane mchana, akatazama wagonjwa wamekaa wapi, na kuweka alama ardhini pale ambapo hakuna aliyekaa kwa sababu ya jua. Hapo ndipo pa kuchimba shimo.