Usitupe Blanketi Kuukuu: Litaokoa Miche Yako

Mkulima, mwezi wa Agosti wataka uangalifu. Mvua za vuli kwa kawaida huanza Oktoba, kwa hiyo yakupasa kusia mboga sasa. Lakini baridi ya nyanda za juu bado haijaondoka. Wazee waliopata mashamba Nyandarua katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, wanaijua vema. Usiku mmoja usio na wingu wala upepo, umande huganda, na asubuhi miche imeungua. Hapo pesa za maziwa huenda sokoni kununua sukuma wiki, hali wewe mwenyewe una shamba.

Kinga ya miche hiyo huenda imo nyumbani mwako: gunia, blanketi na shuka zilizochakaa.

Kwanza, tengeneza tuta lenye upana wa mita 1, ulitie samadi iliyooza vizuri. Usilifanye bondeni, kwa maana hewa baridi ni nzito, nayo huteremka kama maji. Sia mbegu katika mistari iliyoachana sentimita 15, kina cha sentimita 1. Tandika juu yake gunia la katani lililoloweshwa. Chungulia kila siku, na uonapo machipukizi ya kwanza, liondoe; ukichelewa, miche itakuwa mirefu na dhaifu.

Pili, pinda fito juu ya tuta, na jioni kabla jua halijatua uzifunike kwa blanketi kavu. Ardhi iliyoota jua mchana hutoa joto usiku, na blanketi hulizuia lisipotee. Nguo isiguse majani, na pembe zake zibanwe kwa mawe. Asubuhi jua likipanda, ifunue. Wiki moja kabla ya kupandikiza, funika usiku wa baridi kali tu, ili miche izoee.

Tatu, fulana na soksi ndefu zilizotoboka zikate ziwe vitambaa vyembamba vya kufungia nyanya kwenye miti yake. Kamba ngumu hukata shina, kitambaa hunyumbuka. Funga kwa umbo la namba 8, usikaze.

Nne, gunia zima laweza kuwa bustani karibu na jiko. Simamisha katikati kopo lisilo na kitako, ulijaze kokoto, na pembeni ujaze udongo uliochanganywa na samadi. Livute kopo juu kidogo kidogo huku ukiongeza kokoto na udongo. Nguzo hiyo ya kokoto hupeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, upandikize sukuma wiki. Maji safi yaliyosuuzia mboga yatosha kulinywesha pamoja na mengine kidogo.

Lakini jihadhari. Nguo za nailoni haziozi. Usizizike shambani wala kuzitia katika mboji. Za pamba na sufu huoza, ila ondoa kwanza vifungo na zipu. Kitambaa kilichopangusia dawa ya wadudu au mafuta ya gari kisikaribie mboga kamwe.

Miche ya sukuma wiki huwa tayari baada ya majuma 4 hadi 6. Ukisia katikati ya Agosti, mvua itaikuta tayari. Basi, wewe na jamaa yako fungueni sanduku la nguo kuukuu leo, mchague zifaazo kabla hazijawa matambara ya kutupwa.