Kondoo Mwekundu Asidharauliwe

Mnunuzi wa kondoo akifika sokoni, macho yake huenda kwanza kwa mnyama mkubwa. Hilo si ajabu, kwa maana nyama huuzwa kwa uzito. Lakini mfugaji si mnunuzi. Mnunuzi humtaka kondoo wa siku moja. Mfugaji humtaka kondoo wa miaka mingi, atakayevumilia mvua na kiangazi, azae na kunyonyesha, mpaka watoto wake wauzwe na fedha zilipe karo ya shule. Watu wengi wamepata hasara kwa kuisahau tofauti hiyo.

KONDOO WA NAMNA MBILI

Kondoo wengi wa wafugaji wadogo wa Kenya si wale wa sufu. Wana nywele fupi kama za mbuzi, wala hawahitaji kukatwa manyoya. Katika hao, wa asili ni kondoo mwekundu wa Kimasai, mwenye rangi ya udongo na mkia mnene wa mafuta. Mwenzake ni Dorper, ambaye mara nyingi huwa na mwili mweupe na kichwa cheusi. Huyu alipatikana Afrika ya Kusini katika miaka ya 1930 na 1940, kwa kumchanganya Dorset Horn wa Uingereza na Blackhead Persian, ambaye asili yake ni nchi ya Wasomali. Dorper hukua upesi, na nyama yake ni nyingi. Tangu katikati ya miaka ya 1970 madume wa Dorper walienezwa sana katika Kenya, na wafugaji wakawapandisha majike wao wekundu, hata siku hizi si rahisi kumpata kondoo mwekundu halisi.

ADUI ALIYEMO TUMBONI

Mara nyingi mambo huenda hivi. Mtu mwenye majike kumi huuza dume lake jekundu, akanunua dume kubwa la kigeni. Watoto wa kwanza huzaliwa wakati wa kiangazi, wakanenepa, naye akafurahi. Halafu mvua za masika hunyesha. Baada ya majuma machache kondoo mmoja huachwa nyuma na wenzake malishoni. Uvimbe laini hutokea chini ya taya yake. Siku ya tatu hukutwa amekufa zizini, na wengine humfuata. Jirani husema ni jicho baya, kumbe ni minyoo.

Mnyoo huyo hukaa katika tumbo la kondoo, akanyonya damu. Jike mmoja wa mnyoo hutaga maelfu ya mayai kila siku, nayo hutoka pamoja na mavi. Penye joto na unyevu mayai huanguliwa, na kwa muda wa juma moja hivi watoto wa minyoo huwa tayari kupanda juu ya majani pamoja na umande, wakingojea kuliwa.

Kondoo mwekundu naye huingiwa na minyoo, lakini mwili wake huipunguza nguvu, na damu yake haiishi upesi. Jambo hili si maneno ya wazee tu. Baina ya mwaka 1991 na 1996 wataalamu wa utafiti wa mifugo waliwapima kondoo wekundu na Dorper pamoja huko Diani, kusini ya Mombasa, penye joto na unyevu mwingi. Katika mavi ya wekundu mayai ya minyoo yalikuwa machache zaidi, na watoto wao waliokufa walikuwa wachache. Dorper mmoja mmoja alikuwa mzito, lakini faida ya kundi zima ilikuwa kubwa zaidi kwa wekundu. Katika nchi kavu mambo ni mengine, kwa kuwa minyoo huwa michache na Dorper huonyesha uzuri wake.

KAZI YA MFUGAJI

Hata hivyo, damu njema peke yake haitoshi. Yafaa kondoo wasitolewe zizini mapema asubuhi wakati wa mvua; na wangoje umande ukauke. Wasilishwe mahali pamoja kila siku mpaka majani yakawa mafupi kabisa, kwa sababu watoto wa minyoo hukaa chini karibu na udongo.

Kila juma mbili wakati wa mvua mfugaji na awashike kondoo wake mmoja mmoja. Asiwavute kwa nywele wala kwa mguu. Na aweke mkono mmoja chini ya taya na mwingine nyuma, mnyama atasimama kimya. Kisha avute ukope wa chini na kuitazama nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu, damu ipo. Ikiwa nyeupe kama karatasi, kondoo huyo anahitaji dawa siku hiyo hiyo.

Wenye macho mekundu wasinyweshwe dawa ovyo. Dawa ikitolewa kwa kila mnyama kila mara, au ikipunguzwa ili chupa idumu, minyoo hodari husalia ikazaana, na mwishowe dawa haifai kitu. Kipimo kifuate uzito wa mnyama, wala kichwa chake kisiinuliwe sana anaponyweshwa, dawa isije ikaingia mapafuni.

Chumvi ya kulamba ni lazima, lakini ile ya ng'ombe iliyotiwa shaba isitumiwe, maana shaba nyingi huua kondoo. Mimba ni ya miezi mitano, na mtoto anyonye maziwa ya kwanza katika saa chache baada ya kuzaliwa. Dume mmoja mzima hutosha majike 25, naye aondolewe kabla ya kuwapanda binti zake.

DAFTARI NA DUME

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mtoto wa shule latosha: jike yupi amezaa lini, mtoto yupi amekufa, nani amenyweshwa dawa na mara ngapi. Baada ya miaka miwili daftari hilo litaonyesha wazi kondoo anayekula fedha za dawa kila mvua, na yule asiyehitaji hata tone. Wa kwanza auzwe. Mtoto wa kiume wa yule wa pili asihasiwe upesi wala asipelekwe sokoni kwa sababu tu ni mdogo wa umbo. Dume likitakiwa na jirani, ndilo la kubadilishana naye.

Anayeishi mahali penye mvua nyingi na asiiache damu nyekundu iishe zizini mwake. Dume kubwa laweza kununuliwa tena mwaka ujao. Lakini jike mwekundu halisi akiisha kuuzwa kwa mchinjaji, huenda mfugaji asimpate mwingine.