Bunia–Kampala: hesabu muzigo mbele ya kuhesabu bei ya tiketi

Kila mara shule za Uganda zikikaribia kufunguliwa, ao mugonjwa akitumwa Mulago, familia za Mongbwalu, Nizi na Bambu zinakuja kutuuliza: tutafika Kampala namna gani na mizigo hii yote? Sisi wa sendika si ajansi ya safari. Lakini tumeona pesa ya mwezi muzima wa kuchimba ikiishia njiani, ndiyo maana tunaandika.

Kuko njia tatu. Ya ndege tuiseme haraka. Ndege ndogo za kwenda Entebbe zinapima muzigo kwa balanza, na mara nyingine wewe mwenyewe unapanda juu yake. Kwa mugonjwa asiyeweza kukaa kitako, ni njia nzuri. Kwa mama mwenye mabalo matatu, hapana.

Njia ya Mahagi ni ndefu: karibu kilometa 180 mpaka mupakani, kisha Goli, Nebbi, daraja la Pakwach, Karuma, ndipo unashuka Kampala. Watu wanaiogopa, na wana sababu. Wengi wamepoteza ndugu kati ya Iga Barrière na Djugu. Mbele ya kupanda, uliza mashofere waliofika jana, si wale wenye kukuuzia tiketi. Lakini kwa muzigo muzito, njia hii ina faida moja kubwa: koli zako zinapanda gari Bunia, zinashuka mupakani, zinapanda basi, basi. Mikono inayozigusa ni michache.

Njia ya ziwa ndiyo inayodanganya. Kasenyi ni kilometa 50 na kitu tu, unateremuka kwa Bogoro, na ngambo ni Ntoroko. Kwenye karatasi ni fupi. Sasa hesabu: kutoka gari mpaka ufukoni, mubebaji. Kutoka ufukoni mpaka pirogi, mubebaji mwingine anayeingia majini na sanduku lako kichwani. Ntoroko vilevile. Kisha gari ya Fort Portal, kisha basi ya Kampala. Kila mukono unaomba kitu, na kila mukono unaweza kupotea na kiroba. Mwenzetu mumoja alipeleka watoto wawili shuleni kwa njia hii. Wabebaji walimukula pesa nyingi kuliko pirogi yenyewe, na godoro moja likafika limelowa maji.

Zamani haikuwa hivi. Wakati wa wakoloni, meli zilitoka Butiaba mpaka Kasenyi, na vyombo vya Kilo-Moto vilipita hapo. Robert Coryndon, meli kubwa ya ziwa, ilizama wakati wa mafuriko ya miaka ya 1960. Tangu hapo, mutu wa kawaida anavuka kwa pirogi ya motere.

Na pirogi inajazwa. Tarehe 22/03/2014 wakimbizi waliokuwa wanarudi kwetu kutoka Uganda walizama katika ziwa hili. Serikali ilihesabu wafu zaidi ya 200. Muzigo uliwekwa pamoja na watu, kama leo. Kwa hiyo sisi tunasema wazi: ukiwa na mabalo, usipite ziwani. Ukiwa na sanduku moja, pita asubuhi mapema mbele upepo haujaamuka, na usikanyage pirogi isiyokupa jile. Mwenye pirogi atacheka. Acha acheke. Tumekwisha kuomba wakubwa wa bandari wakatalie pirogi isiyo na jile kuondoka, na tutaendelea kuomba.

Jambo lingine linatuhusu sisi wachimbaji peke yetu. PDG ao jirani akikupa kapaketi kadogo «kwa ndugu wa Kampala», kakatae. Zahabu isiyo na karatasi ni fraude, na mupakani hawatauliza ni ya nani: iko ndani ya muzigo wako. Funga mizigo wewe mwenyewe, andika jina na namba ya simu juu ya kila koli.

Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ya kila mutoto. Na usisahau saa: Uganda iko saa moja mbele yetu. Basi ya Goli wakikuambia inatoka saa mbili, uliza kama ni saa mbili ya Bunia ao ya Kampala.