Mwangalizi Asiye na Macho

Kwenye semina za uhamasishaji kuna kauli inayoshangiliwa kweli: eti fizikia imethibitisha kwamba akili ya mtu ndiyo inayoumba ulimwengu. Ushahidi unaotolewa ni jaribio la nyufa mbili. Elektroni hurushwa mojamoja kuelekea kizuizi chenye nyufa mbili nyembamba, na alama zao zikikusanyika ukutani hujipanga mistari mistari, kama mawimbi yaliyopishana. Weka kifaa cha kubaini kila elektroni imepita ufa upi, mistari hupotea. Basi watu husema elektroni imejua inatazamwa.

Haijajua kitu. Kilichotuponza ni neno "mwangalizi", ambalo sisi wa fizikia tulilitumia ovyo.

Mwaka 2004 watafiti wa Vienna walirusha molekuli za kaboni, kila moja ina atomu 70 na umbo la mpira wa raga, zipite kwenye nyavu za nyufa nyembamba mno. Mistari ikatokea. Kisha wakazipasha moto kwa leza kabla hazijafika kwenye nyufa. Kitu cha moto hutoa mwanga, kama chuma cha mhunzi kinapoiva, na mwanga ule huondoka na habari ya mahali molekuli ilipokuwa. Kadiri joto lilivyopanda, mistari ilififia, mwishowe ikatoweka. Hakuna aliyeutazama mwanga ule. Ulikwenda zake, na hilo lilitosha.

Tusiwabeze wahamasishaji peke yao. Eugene Wigner, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1963, aliandika mwaka 1961 kwamba fahamu ya mtu ina sehemu yake katika kipimo. Baadaye aliliacha wazo hilo mwenyewe.

Uhusiano wa akili na ulimwengu tunaoweza kuuonyesha unatoka upande wa pili. Chuma kilichomo kwenye damu yako, kinachopeleka oksijeni kwenye ubongo unaosoma maneno haya, kilipikwa ndani ya nyota kabla jua letu halijawaka. Namna ubongo huo unavyoizaa fahamu ndiyo inayotushinda. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 jibu litakuwa limepatikana. Juni 2023, mjini New York, Koch alikiri kushindwa, akamkabidhi mwenzake mvinyo waliowekeana dau.