Zamu ya Maji, Zamu ya Jembe

Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, katika vijiji vya Uchagga, jembe linalokwangua mawe husikika kabla hujamwona mtu. Migomba bado ina giza, umande unadondoka, na wanaume waliovaa mabuti wameshainama ndani ya mfereji wakizoa tope na majani. Zamani waliitwa kwa baragumu. Siku hizi ujumbe umeingia kwenye simu tangu jana usiku, ila maneno ni yale yale: mfongo umeziba, njooni.

Mfongo ni mfereji wa asili wa mlima Kilimanjaro. Mito ya huku hupita chini sana ndani ya makorongo, na vihamba, mashamba ya migomba ya koo, viko juu ya migongo ya vilima. Kuchota ni kazi, kumwagilia kwa ndoo hakuwezekani. Wazee wa kale walipanda na mto kilomita kadhaa, wakaupinga kwa banio la mawe, miti na magome ya migomba, kisha wakayatembeza maji ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo kuliko wa mto wenyewe. Kila hatua mto unazidi kuzama na mfongo unabaki juu, mpaka unatokea mgongoni penye watu. Palipo na bonde dogo waliyavusha kwa magogo yaliyochongwa kama mtumbwi. Wageni wa Ulaya waliofika karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi.

Kwa desturi, ukoo wa aliyeuanzisha mfongo ndio wenye kauli ya kwanza, na kutoka humo au kwa makubaliano ya watumiaji hupatikana mzee wa kuusimamia. Halipwi mshahara. Kazi yake kubwa ni zamu. Maji hayagawanywi kwa lita, hugawanywa kwa muda: huyu asubuhi, yule mchana, na ya usiku huenda kwa wa chini au hukusanywa bwawani yasipotee. Lango la shamba ni tundu tu kwenye ukingo, nalo huzibwa kwa kipande cha mgomba na bonge la udongo lenye nyasi. Mtoto wa miaka sita anaweza kulichomoa. Ndiyo maana anayelinda mfongo halindi tundu, analinda watu.

Chukua asubuhi moja ya kiangazi. Jirani anafika uani: "Meku," yaani mzee, "kwangu hayajafika tangu juzi." Mzee anachukua fimbo, anapanda na mfongo polepole, mpaka anapokuta bonge limewekwa pembeni na maharage ya mtu yanaogelea. Hamwiti mtu mwizi. Anaziba, ananawa mikono, anasimama hapo hapo hadi mwenye shamba atokee.

"Umeamkaje, baba?"

"Salama, meku."

"Na maji ya jirani yako, yameamkia wapi?"

Faini ya kimila ilikuwa mbege, pombe ya ndizi, na busara yake iko wazi: hunywewa na wote waliokuja kazini, mkosaji akiwemo. Kesho wote hao watainama tena kwenye tope moja, na hawawezi kufanya hivyo wakiwa hawasemezani.

Serikali nayo ina mkono wake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, na huku zinafanya kazi chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mzee wa fimbo amepata wenzake wenye daftari, mhuri na katiba. Wanawake, ambao mila iliwaweka mbali na banio la mfongo ingawa ndio waliobeba ndoo, sasa huketi kwenye kamati. Mara nyingi ndio wanaojua siku maji yalipopungua, kwa kuwa ndio walioyangoja.

Kazi nayo imepanda mlima. Haitoshi kuzibua mfereji, chanzo chenyewe kinataka mlinzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au chanzo cha maji. Ofisini mita 60 ni namba ndogo. Kwenye kihamba cha nusu ekari kilichogawanywa kwa watoto wa kiume vizazi vitatu, mita 60 ni shamba zima, pamoja na makaburi ya wazee. Kiongozi wa kujitolea ndiye anayetumwa kumweleza haya mtu aliyekua naye. Njia inayofanya kazi ni moja: aanze kung'oa mikaratusi yake mwenyewe iliyo karibu na chanzo, kisha ndipo aitaje ya jirani.

Na maji hayo hayaishii kijijini. Yanashuka tambarare, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanaendelea na mto Pangani kuzungusha mitambo ya umeme hadi baharini. Wasioujua mfongo wanautegemea.

Tatizo la sasa ni mikono. Vijana wako Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam. Wengine hutuma hela ili kibarua ashike jembe kwa niaba yao, na kazi inafanyika. Lakini kibarua hana zamu ya maji, na mtoto wa aliyetuma hela hatajua banio liko wapi. Tunapenda kuwaita viongozi hawa watu wa kujitolea, kana kwamba wanatoa zawadi. Wenyewe hawasemi hivyo. Waliochimba hawakuwalipisha, kwa hiyo wanalipa kwa watakaokuja. Nayo ni zamu.

Ndiyo maana wanakijiji hawamkagui kiongozi kwenye daftari. Kiangazi kikikaza, hupita kando ya shamba lake na kutazama. Likiwa bichi kuliko ya wenzake, ana maswali ya kujibu.